Waya za Meno, Taya Linalolia na Pumzi ya Usiku

Mimi ni fundi wa maabara ya meno. Sing'oi wala sizibi, na wagonjwa wengi hawanijui hata kwa sura. Kliniki za hapa Dar es Salaam huniletea vinywa vya watu kwa bodaboda: ukungu wa alginati uliochukuliwa mdomoni mwa mtu, umefungwa kwenye tishu iliyoloweshwa na kutiwa ndani ya kopo. Ukungu huo ukikauka husinyaa, na ukisinyaa, chochote nitakachotengeneza juu yake hakitamtosha mwenyewe. Kijana wa bodaboda akikwama kwenye foleni, mgonjwa ataitwa tena kuuma upya. Ukungu ukinifikia ungali mbichi namimina plasta, nasubiri igande, nabandua, na hapo mezani kwangu panakuwa na meno ya mtu nisiyemfahamu.

Meno hayo yana habari nyingi. Chonge zilizolika mpaka zikawa bapa, huyo anasaga meno usiku. Kaakaa jembamba lililopanda juu, huenda huyo alikua akipumua kwa mdomo. Pengo mahali pa chonge kwa mtoto ambaye hajaanguka wala hajapigwa, namwambia daktari amuulize mama kama mtoto aliwahi kutolewa "meno ya plastiki" akiwa mchanga. Wengine huyaita ya nailoni. Ni vichipukizi vya kawaida vya chonge za utotoni, vinachokonolewa ufizini kwa imani kwamba ndivyo vinavyoleta homa na kuharisha. Kichanga hubaki na homa yake, anaongezewa jeraha, na chonge ya ukubwani inaweza kuota kombo au isiote kabisa. Katika kazi zote za kupanga meno zinazopita mikononi mwangu, hiyo ndiyo inayoniudhi, kwa sababu ilitengenezwa na mtu.

Lakini kuna mambo mawili plasta haiwezi kuniambia: kama kiungo cha taya kinamuuma mwenye meno, na kama analala usingizi wa kutosha. Na hayo mawili ndiyo watu wanayoniuliza wakishajua kazi yangu, iwe saluni, msibani au kwenye kikao cha harusi. Taya langu linalia nikipiga mwayo, nikifungwa waya litanyamaza? Mtoto anakoroma, akipangwa meno ataacha? Siku hizi yamezuka na ya upande wa pili, yanatoka kwenye simu: eti waya ndizo zinazoharibu taya, na kung'oa meno ili mengine yapate nafasi kunabana koo. Katika nchi ambayo madaktari wa kupanga meno ni wachache, wengi wao wako mijini, na waya ni mamilioni ya shilingi kutoka mfukoni, maswali haya si ya kupitisha muda. Jibu langu ni moja: meno, kiungo cha taya na njia ya hewa vinakaribiana kuliko vinavyosababishana.

Anza na kiungo chenyewe. Weka vidole vya shahada mbele ya matundu ya masikio, halafu fungua mdomo polepole. Kinachosogea chini ya vidole ni kichwa cha taya la chini. Kiungo hiki kina mwendo wa namna mbili. Mdomo unapoanza kufunguka kinazunguka kama bawaba ya mlango. Ukizidi kufungua, kinateleza kwenda mbele kama mtoto wa meza anapovutwa. Kati ya kichwa hicho na fuvu kuna kisahani cha gegedu kinachosafiri nacho. Kwa watu wengine kisahani hukaa mbele kidogo ya mahali pake, na kichwa cha taya kinapokiruka ili kukipanda, ndipo unaposikia "ka".

Mlio huo ukiwa peke yake, hauumi wala haukwamishi kitu, hauhitaji dawa wala waya wala mimi. Wako wengi wanaouishi mpaka uzeeni. Kinachopaswa kukupeleka kwa daktari ni maumivu ya mbele ya sikio yasiyoisha, taya kukwama likiwa wazi au limefunga, au mdomo kutofunguka kiasi cha kupitisha vidole vyako vitatu vilivyosimamishwa kati ya meno ya juu na ya chini.

Meno yamelaumiwa kwa maumivu hayo kwa muda mrefu. Mwaka 1934 daktari wa masikio, pua na koo wa St. Louis, Marekani, James Costen, aliandika juu ya wagonjwa waliolalamikia masikio, kizunguzungu na maumivu ya kichwa. Yeye aliona chanzo ni taya kufunga kupita kiasi baada ya magego kung'oka. Maelezo yake ya kimaumbile yalikuja kupingwa, ila wazo lilibaki kwa madaktari wa meno kwa miaka mingi: meno yakikutana vibaya kiungo kitaharibika, basi yanyooshe na kiungo kitapona. Wazo la namna hiyo huweza kugeuzwa likampiga mwenyewe. Kama meno ndiyo yanayoamuru kiungo, basi anayehamisha meno anaweza pia kukiharibu. Mwaka 1987 mahakama moja ya jimbo la Michigan ilimwamuru daktari wa kupanga meno amlipe aliyekuwa mgonjwa wake zaidi ya dola 800,000, kwa madai kwamba matibabu yake yalimsababishia ugonjwa wa kiungo cha taya. Wenzake wote walishtuka, na fedha za utafiti zikatafutwa haraka.

Utafiti ninaoupenda zaidi haukutoka Marekani, bali Cardiff, huko Wales. Mwaka 1981 walichukuliwa watoto zaidi ya 1,000 wa miaka 11 na 12, wakachunguzwa, kisha wakafuatiliwa mpaka walipofika miaka 30. Wengine walikuwa wamefungwa waya, wengine hawakufungwa. Wengi walipotea njiani, kama inavyokuwa watu wakikua na kuhama, lakini waliobaki walitoa jibu lilelile lililotoka kwenye tafiti nyingine: waya hazikuleta ugonjwa wa kiungo cha taya, na hazikuuzuia. Kilichohusiana na ugonjwa huo ni kuwa mwanamke, na hali ya nafsi ya mtu: wasiwasi, huzuni, kujiona duni.

Mimi naishi kwa vifaa vya kupanga meno, kwa hiyo ningefaidika kusema kinyume. Mtu akiambiwa afunge waya ili taya lisiume, au asagwe magego yaliyo mazima ili yakutane vizuri, na aulize upya kwa daktari mwingine. Taya linalouma huanza kutibiwa kwa mambo ya bei ndogo: chakula laini kwa wiki chache, kitambaa cha maji ya moto, dawa ya maumivu kwa ushauri wa daktari, mazoezi mepesi, na kuacha kubana meno mchana. Watu hubana meno wakiwa kwenye foleni, wakihesabu pesa, wakisoma ujumbe wa bosi. Midomo ifungwe, meno yaachane. Muwa na mahindi ya kuchoma vipumzishwe. Kwa ndugu zangu wanaotafuna mirungi saa nzima nzima upande mmoja, sidhani kama nahitaji kueleza misuli ya shavu inajisikiaje asubuhi.

Kuhusu kusaga meno usiku, mitaani jibu ni minyoo. Mtoto akisaga, ananyweshwa dawa ya minyoo. Kama ana minyoo, dawa itamfaa kwa minyoo. Lakini waliowalaza watu kwenye maabara za usingizi na kuwafunga nyaya za kupima ubongo na misuli waliona kwamba kusaga mara nyingi huja pale ubongo unaposhtuka kidogo na kukaribia kuamka, kisha ukazama tena. Mshtuko huo unaweza kuletwa na mengi, na pumzi iliyoziba ni mojawapo. Kwa hiyo chonge bapa nikiziona kwenye plasta siandiki "ugonjwa wa taya". Naandika kwenye karatasi ya kazi: "Daktari, ulizia usingizi."

Usingizi basi. Tukilala misuli hulegea, na ulimi ni msuli mkubwa. Nyuma ya ulimi njia ya hewa haina mfupa wa kuishikilia wazi. Ikiwa nyembamba hutetemeka, na huko ndiko kukoroma. Ikizidi kufunga, pumzi hukatika. Madaktari huhesabu kila mkatiko wa sekunde 10 au zaidi, pamoja na pale hewa inapopungua sana bila kukatika. Kwa mtu mzima, kuanzia mara tano kwa saa kunahesabiwa kuwa tatizo, na kuanzia 30 kwa saa ni tatizo kubwa. Kila mara ubongo humzindua mtu kidogo ili avute hewa, naye asubuhi hakumbuki lolote ila uchovu. Shinikizo la damu hupanda. Na anayeendesha chombo husinzia.

Kuna dereva wa lori la Tunduma aliyefika maabara kwangu yeye na mkewe, jambo lisilo la kawaida. Alishapimwa usingizi, tatizo lake likaonekana ni la kiasi, mashine ya kupuliza hewa puani ilimshinda kwa sababu analala kwenye lori nusu ya mwezi, na daktari akaamua atengenezewe kifaa cha mdomoni. Alitaka kuona kinatengenezwaje kabla hajakilipia.

"Dada fundi," aliniambia mkewe, "huyu akikata pumzi mimi ndiye ninayeamka. Namsukuma. Akiwa safarini silali, nawaza nani anamsukuma."

Nilimwonyesha. Ni vibao viwili vya akriliki, kimoja cha meno ya juu na kimoja cha chini, vimeunganishwa ili taya la chini likae mbele kidogo usiku kucha. Taya likienda mbele, ulimi unafuata kwa sababu umeshikwa nalo, na nyuma ya ulimi panapata nafasi. Wazo hili lina zaidi ya miaka 100. Mfaransa Pierre Robin alibuni kifaa cha kipande kimoja cha kusogeza taya mbele mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1923 aliandika kuhusu watoto wachanga wenye taya dogo ambao ulimi huangukia nyuma na kuwaziba. Mashine ya kupuliza hewa ni mgeni wa juzi tu: Colin Sullivan na wenzake wa Sydney, Australia, waliitangaza mwaka 1981. Kwa mikatiko mingi mashine ndiyo yenye nguvu zaidi, na mtu mwenye tatizo kubwa asije kwangu kukwepa mashine kwa sababu ya aibu tu. Kifaa cha mdomoni pia kinahitaji meno ya kutosha ya kukishikilia; mwenye mapengo mengi nyuma hakitamfaa.

Hapa ndipo mambo yale matatu yanapokutana kweli, na ndipo wauzaji wanaponyamaza. Kifaa kinachofungua pumzi huvuta kiungo cha taya saa saba au nane kila usiku, na huegemea meno. Wiki za mwanzo wengi huamka taya likiwa limechoka. Baada ya miaka, meno ya mbele ya juu huweza kurudi nyuma kidogo na ya chini kuegemea mbele, mpaka namna ya kuuma ikabadilika. Ni waya isiyo waya, inayohamisha meno bila kukusudia. Dereva yule aliporudi kwa daktari alilalamika kwamba asubuhi magego hayakutani mpaka anywe chai. Nilimtengenezea kibao kidogo cha kung'ata asubuhi ili taya lirudi mahali pake, na daktari akapunguza kidogo umbali wa kusogeza. Anaendelea kukivaa. Anapima faida na hasara: meno kusogea kiasi, au kusinzia kwenye mlima Kitonga. Hata mimi ningechagua meno kusogea.

Kwa watoto hesabu ni nyingine, na nawaomba wazazi wasome hapa taratibu.

Kinachoziba koo la mtoto mara nyingi ni mafindofindo na zile nyama za nyuma ya pua, na kumpanga meno kuko mbali na chanzo hicho. Mwaka 2013 ulitolewa utafiti mkubwa wa Marekani uliohusu watoto 464 wa miaka mitano hadi tisa waliokuwa na mikatiko ya pumzi. Nusu yao waliondolewa mafindofindo na nyama hizo mapema, nusu walisubirishwa chini ya uangalizi. Baada ya miezi saba, asilimia 79 ya waliopasuliwa vipimo vyao vya usingizi vilikuwa vya kawaida. Kwa waliosubiri tu, asilimia 46.

Tazama hiyo 46. Karibu nusu ya watoto waliokaa bila upasuaji vipimo vyao vilirudi kuwa vya kawaida. Watoto hukua, koo hupanuka, tezi hunywea. Mtu angekuwa amewavalisha kifaa changu miezi hiyo saba, leo angekuwa na picha zao kwenye mtandao na bei pembeni. Ndiyo maana nikisikia "mwanangu alivaa kile kibao akaacha kukoroma" nafurahi na mama huyo, lakini sichukulii hilo kuwa ushahidi.

Hata hivyo kuna kifaa kimoja cha kupanga meno kinachogusa pua moja kwa moja. Mwaka 1860 daktari wa meno wa San Francisco, Emerson Angell, alieleza jinsi alivyopanua taya la juu la binti wa miaka 14 kwa skurubu iliyokaa kwenye kaakaa. Wenzake hawakumwamini. Kifaa hicho natengeneza mpaka leo: skurubu katikati, mikono inayoshika magego, na mzazi anapewa ufunguo mwembamba wa kuzungusha robo mzunguko, ambayo ni karibu robo milimita. Kaakaa la mtoto ni mifupa miwili iliyoungana katikati, na kabla ya kukomaa muungano huo hufunguka. Baada ya siku chache meno mawili ya mbele huachana, mama anapiga simu kliniki kwa hofu, anaambiwa hiyo ndiyo dalili kwamba kazi inakwenda, mwanya utajifunga. Na kwa kuwa dari la mdomo ndilo sakafu ya pua, kaakaa likipanuka pua nayo hupata nafasi.

Mwaka 2004 madaktari wa Italia na Marekani walitoa taarifa ya watoto 31 wenye taya la juu jembamba, wasio na mafindofindo makubwa, waliopanuliwa hivyo na pumzi zao zikarudi sawa. Taarifa hiyo iliwapa watu tumaini kubwa. Ila hapakuwa na kundi la kusubiri, na nimeshaeleza kusubiri kunavyoweza kufanya. Chama cha madaktari wa kupanga meno cha Marekani kilipotoa mwongozo wake mwaka 2019, kiliwataka wanachama wachunguze dalili za mikatiko ya pumzi usingizini kwa kila mgonjwa, na kikasema kupanua taya kusifanywe kama kinga ya mtu asiye na sababu ya kupanuliwa. Nakubaliana nao. Kaakaa jembamba linalofanya meno ya juu yang'ate ndani ya yale ya chini, lipanuliwe kwa sababu hiyo. Pumzi ikipata nafuu, heri. Kaakaa la kawaida liachwe.

Wengine husema kaakaa jembamba ndilo lililomfanya mtoto apumue kwa mdomo. Inaweza kuwa kinyume. Egil Harvold, aliyefanya kazi California, aliziba pua za tumbili wadogo, nao wakakua na meno yaliyopinda na nyuso zilizobadilika, kila mmoja kwa namna yake kutegemea alivyozoea kushika ulimi na taya ili apate hewa. Jaribio hilo ni la kusikitisha kulisoma, lakini linaeleza kwa nini pua ya mtoto itazamwe mapema, kabla mfupa haujazoea.

Kuhusu hofu ya kung'oa meno, itoshe kusema hivi. Katika jimbo la Minnesota, Marekani, watafiti walipitia mafaili 5,584 ya wagonjwa, nusu yao wakiwa wamekosa magego madogo manne, ambayo kwa kawaida ndiyo hung'olewa ili kupata nafasi ya kupanga. Waliogunduliwa kuwa na mikatiko ya pumzi walikuwa asilimia 10.7 kwa waliokosa meno, na asilimia 9.6 kwa wenye meno yote, tofauti ambayo kitakwimu si tofauti. Daktari akisema meno manne yatoke, muulize sababu, muulize sura itakuwaje, lakini usimkatalie kwa ajili ya koo. Na ile mitindo ya kubandika utepe mdomoni usiku, au kukandamiza ulimi juu ili taya lichongoke, mtoto mwenye pua iliyoziba asijaribiwe hata usiku mmoja. Utepe unafunga tundu alilobaki nalo.

Mzazi, mtoto akikoroma siku nyingi za wiki, akilala kichwa kimetupwa nyuma, akilowanisha kitanda baada ya kuwa alishaacha, au mwalimu akisema anasinzia au hatulii darasani, mrekodi kwa simu akiwa usingizini, dakika mbili au tatu, kifua kikiwa wazi ili kionekane kinavyovuta. Mpeleke kwanza kwa daktari wa masikio, pua na koo, umwonyeshe video hiyo. Daktari wa kupanga meno umwone baada ya hapo, na akikwambia mtoto afungwe waya, muulize swali hili kabla ya kulipa: ni kwa ajili ya meno, au ni kwa ajili ya pumzi? Kama ni kwa ajili ya pumzi, omba uone kipimo cha usingizi.